Vidonge Arobaini na Viwili

Hivi wewe umewahi kumwona mgonjwa akifurahia njaa? Si ile njaa ya mtu anayeanza kupona, anayenusa kitunguu kikikaangwa jikoni akauliza kama chakula bado. Njaa yenyewe, ya tumbo tupu linalonguruma, mtu akaipokea kama mgeni aliyekuwa akimngoja miaka. Tatu alimwona mtu huyo. Alikuwa mumewe, Hamza, na njaa hiyo ililetwa nyumbani na simu ya binti yao.

Hamza alikuwa fundi wa kubebesha miti. Pale kwao, kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima juu ya Soni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwenye lami, hapakuwa na mti wa plamu au wa pichi wenye kuzaa vizuri ambao haukupita mikononi mwake. Alikuwa akichagua kikonyo, kitawi kichanga, kwenye mti mzuri, anakichonga kwa kisu chembamba mpaka kinakuwa kama ncha ya penseli, anapasua shina la mche, anakichomeka humo ganda kwa ganda, halafu anafunga kwa ukanda wa nailoni. Kazi yote haikuzidi muda wa mtu kumenya viazi vitatu. Kisu kile hakuna aliyeruhusiwa kukatia kitu kingine, hata Tatu, hata kitunguu.

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Kikawa kinacheza juu ya kidole cha shahada, polepole, kama cha mtu anayevuta tasbihi. Mtani wake Omari, Mzigua aliyepanda mlima kutoka Magoma zamani, akaoa huku na kubaki huku, ndiye wa kwanza kuliona hilo.

"Naona umeingia uchamungu," akamwambia. "Kidole hakipumziki kwa kumtaja Mola. Sasa plamu zetu atabebesha nani?"

Watu wakacheka, na Hamza akacheka. Mwaka uliofuata kisu kilimkata mara tatu ndani ya wiki moja. Akakifuta, akakifunga kwenye kipande cha kanga, akakichomeka juu ya mlango wa chumbani. Hakukishusha tena.

Hospitali walimpa jina la ugonjwa, wakamwambia unaitwa Parkinson, na wakampa vidonge. Vinne kwa siku, na kila kimoja na saa yake: alfajiri, saa nne, saa nane, na magharibi. Kikichelewa, miguu ilikuwa inagoma. Hamza angesimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichotaka kutoka nje kufanya, na Tatu angeweka ufagio chini mbele yake ili auvuke, maana waligundua kwamba akiona kitu cha kuruka, mguu unakumbuka. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka minne. Ufagio, vidonge, na uji wa kupozwa.

Binti yao Hidaya alikuwa daktari, lakini si wa kutibu. Siku ya kwanza aliporudi kutoka masomoni watu walijipanga barazani tangu asubuhi, huyu na goti, yule na mtoto anayekohoa, mwingine amebeba kiatu cha mama yake aliyevimba mguu. Hidaya akawaambia kwa aibu kwamba yeye ni mtafiti, sindano hajui kuchoma. Hamza ndiye aliyemwokoa. "Huyu ni daktari wa magonjwa ambayo dawa yake haijazaliwa," akawaambia. "Nyinyi yenu ina dawa tayari. Nendeni zahanati."

Kazi yake alikuwa anaifanyia Dar es Salaam, kwenye maabara. Mwezi wa kumi na mbili, msimu wa plamu, akaja na kisanduku cha barafu. Akamsomea baba yake karatasi mstari kwa mstari, akamwuliza kama anakubali, akamwekea wino kwenye kidole gumba kile kile kinachocheza, akakishika kwa mikono miwili mpaka kikatulia juu ya karatasi. Halafu akampaka dawa ya ganzi mkononi na kumkata kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mtama. Tatu alikuwa amekaa pembeni na ndoo ya plamu, anatenga zilizopasuka.

"Sasa hiyo utaifanya nini?" Hamza akauliza.

"Nitaiotesha, baba. Ngozi inaota kama miche. Shimo lako la mboji unalijua?"

"Mwanangu, wewe umekulia kwenye shimo hilo."

"Basi. Mwili una seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina shimo lake la mboji. Taka zake haizitupi nje. Inazila yenyewe, inazigeuza mbolea, inajijenga upya. Kitaalamu inaitwa otofaji. Kwenye ubongo wako shimo limezima. Taka zinajaa, seli zinakufa, mkono unatetemeka. Mimi natafuta namna ya kuliwasha."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, na dunia nzima tunahangaika nalo."

Hamza akafikiri. "Shimo likizima, mimi huwa naacha kulijaza. Ukilishindilia majani mabichi kila siku linapoa. Unalinyima, unaligeuza, linapata moto lenyewe."

Hidaya akacheka, akamwambia angekuwa mwalimu wake wa chuo. Akafunga kisanduku, akashuka nacho mpaka Soni amekikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto wa siku saba.

Simu yenyewe ilikuja siku tatu kabla ya Ramadhani. Tatu aliiweka sauti ya juu na kuishika karibu na sikio la mumewe, kama kawaida.

"Baba, zile seli zako zimekubali."

"Zimekubali nini?"

"Kujisafisha. Tulizinyima chakula usiku mmoja tu, asubuhi tukazitazama. Zimeanza kula taka zake. Zako, baba. Mimi nilidhani zimeshasahau."

"Kwa njaa tu?"

"Kwa njaa tu."

Hamza akaondoa sikio kwenye simu. Uso wake ulikuwa umeshakauka kwa ugonjwa, ulikuwa hauonyeshi furaha wala hasira, lakini macho yalikuwa yamejaa maji. Akainuka kutafuta fimbo yake. Hidaya alikuwa bado anasema, na aliyebaki kumsikia ni Tatu.

"Lakini hizo ziko kwenye kibakuli, baba. Kibakuli si mtu. Tumeanza kujaribu kwa panya, na hata wakipona, bado miaka. Baba?"

"Ameshatoka nje," Tatu akasema. "Nimesikia mimi."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Akamwambia, jioni hiyo hiyo, wakati anamvua viatu. Hamza akamjibu kwamba hata mche hubebeshwa kwenye kikopo kwanza, na ukishika kikoponi utashika shambani.

Ramadhani tatu zilizopita Hamza hakufunga. Sheikh mwenyewe alikuja kumweleza kwamba mgonjwa wa namna yake ana ruhusa, alipe fidia tu, kibaba cha chakula kwa kila siku, apewe asiyejiweza. Tatu alikuwa na kibaba chake cha bati, cha mama yake, chenye alama ya msumari ndani kuonyesha unga ufike wapi. Kila alasiri alipima unga, akaufunga kwenye kitambaa, akampelekea Omari, ambaye mke wake alishafariki, watoto hawaji, na mguu mmoja haumruhusu tena kulima. Omari alipokea kwa heshima, akamwombea dua mwenye fidia, halafu akikutana naye msikitini alikuwa hamwachi.

"Mwaka wa tatu huu nashiba kwa tumbo lako," alimwambia mbele ya watu. "Mwakani ukinilisha tena nitadai niitwe Hamza, na mke nihamishiwe."

Mtani hakasirikiwi. Hamza alicheka kama wengine. Lakini Tatu alikuwa anajua jinsi alivyokuwa anageuza uso nyumbani akiona kibaba kikitoka kwenye kabati.

Basi siku ya mwezi kuandama, Tatu ananyoosha mkono kukitoa, Hamza akamwambia, "Mwaka huu kiache."

"Nikiache vipi?"

"Nafunga mwenyewe."

"Baba Hidaya, una ruhusa."

"Ruhusa ni ya anayeihitaji. Hidaya amesema njaa. Wewe ulisikia na mimi nilisikia. Mwezi mzima wa njaa na thawabu juu yake, mimi nikae nauangalia unapita?"

"Na vidonge vya mchana?"

"Vitalala. Cha alfajiri nitakula na daku, cha magharibi nitafuturia."

"Nimpigie kwanza Hidaya."

"Hapana." Akamshika mkono, na mkono wake ukamtetemesha na Tatu. "Yeye ameniahidi kuja Idi. Nataka aje anione. Niahidi hutamwambia."

Tatu alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka thelathini na minane. Hakuwahi kumsikia akiomba kitu kwa sauti ile, hata alipokuwa anamchumbia. Akaahidi.

Na siku za kwanza, ukweli usemwe, zilikuwa nzuri. Kwa nini zilikuwa nzuri Tatu hakujua, labda ni moyo tu, maana moyo una nguvu zake kwa siku chache. Siku ya tano, alfajiri, alimkuta Hamza amejifunga vifungo vya kanzu mwenyewe, vyote vitano, hata kile cha shingoni. Hakuvisifia. Alitoka nje akasimama kwenye mgomba, akalia huku amejiziba mdomo kwa kanga, akarudi ndani akamwuliza kama maji ya kutawadha yamepoa. Tangu siku hiyo na yeye aliamini. Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na baadaye alilirudia mara nyingi kichwani, kwamba hakudanganywa na mtu, alidanganywa na vifungo vitano.

Kibaba lakini alikitoa. Kwa siri alipima unga kutoka kwenye sehemu yake mwenyewe, akampelekea Omari kama zamani. Alifikiri Mungu akiwa na saumu mkononi na fidia mkononi, angalau moja haitamponyoka.

Omari akaushika ule unga, akamtazama. "Mama Hidaya, mimi macho ninayo. Mwenzangu nimemwona adhuhuri midomo imekauka. Sasa mtu anafunga, na analipa?"

"Wewe kula unga."

"Ni maneno yangu yale?"

"Si maneno yako. Kula unga, Omari, na unyamaze."

Ilipofika siku ya kumi, Hamza alianza kupunguza hata futari. Tatu alikuwa anapika magimbi kwa nazi, au ndizi na maharage, na uji wenye pilipili manga kidogo. Hamza alikula tende tatu, akanywa maji, akagusa uji, akasukuma bakuli. "Ukilijaza linapoa," alisema. Tatu alijua anasema shimo. Mashavu yakaingia ndani. Sauti, ambayo ilikuwa imeshakuwa ndogo, ikawa ya kusomwa kwenye midomo. Mchana, ikipita ile saa nne bila kidonge na ile saa nane bila kidonge, alikuwa anakakamaa kitandani kama mbao, macho yake tu yanatembea, na jasho linamtoka na huku nje ni ukungu na baridi. Hata ufagio ukiwekwa mlangoni haukusaidia tena. Aliutazama tu.

Hidaya alipiga kila Ijumaa.

"Mpe baba simu."

"Amelala, mwanangu."

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Vidonge anakula?"

"Anakula." Na Tatu alikuwa akisema hivyo huku analitazama kopo lenyewe juu ya rafu. Hidaya alilituma mwanzo wa Shaabani, likiwa na vidonge mia mbili na arobaini, vya siku sitini, na karatasi amebandika ubavuni kwa mwandiko wake wa kitoto, ule wa tangu darasa la tatu: alfajiri, saa nne, saa nane, magharibi.

Siku ya kumi na sita Tatu alimwomba aache. Alipiga magoti. Hamza akamwonyesha kwa vidole: zimebaki kumi na nne. Siku ya kumi na tisa akamwomba tena, akasema atampigia Hidaya, akaishika simu hasa. Hamza akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, na Tatu akairudisha simu mezani.

Siku ya ishirini na moja, jua limezama, adhana imeisha, alimwinua akamwegemeza kifuani kwake, akampa tende moja iliyopondwapondwa na kijiko cha uji. Koo lilikuwa limesahau. Uji haukwenda tumboni, ulikwenda kifuani. Alikohoa mara moja, kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea, halafu midomo ikageuka rangi.

Majirani wakambeba kwa machela ya kamba mpaka barabarani, na gari likampeleka hospitali. Alikaa huko siku kumi na tatu. Idi iliwakuta huko. Hidaya aliwasili siku mbili baada ya tukio akiwa na nguo alizovaa kazini, akakaa kwenye benchi la wodi na mama yake, wakala pilau ya watu wengine kwenye kifuniko cha hotipoti. Madaktari walifanya kila walichoweza. Mapafu yalikuwa yameshaharibika, na mwili haukuwa na akiba yoyote ya kupigania. Wakawaeleza kwa upole kwamba kama wanapenda, wanaweza kumrudisha nyumbani akawe na watu wake.

Walipomrudisha, masika yalikuwa yameanza. Maji yanashuka kwenye matuta, njia ya kwenda kisimani imekuwa utelezi mtupu. Hidaya alikaa jikoni karibu na mafiga, amejifunika shuka la mama yake, akasema jambo bila kuulizwa.

"Mama, wale panya hawakupona."

Tatu alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Tuliwanyima chakula kama tulivyofanya kwenye vibakuli. Wale wenye ugonjwa wamekufa mapema kuliko wale tuliowalisha. Hawakuwa na nguvu ya kuhimili. Nilijua katikati ya Ramadhani. Nilitaka kumwambia baba, nikaona alivyofurahi siku ile, nikasema nitamwambia Idi, ana kwa ana. Angalau yeye hakuumia kwa hilo. Angalau hilo."

Tatu akaendelea kukuna mpaka meno ya mbuzi yakagonga kifuu. Katikati ya Ramadhani. Zile Ijumaa ambazo mmoja alisema amelala na mwingine akasema haya msalimie. Akaiweka nazi chini, akaapa moyoni kwamba mtoto huyu hatajua. Mumewe hakuna wa kumrudisha tena. Kilichobaki cha kuokoa ni kimoja tu, huyu anayeota moto hapa, ambaye bado ana miaka ya kuishi na neno alilolisema kwenye simu.

Lakini Hidaya alikuwa mtu wa kuhesabu, hiyo ndiyo kazi yake. Asubuhi iliyofuata Tatu alitoka kukamua mbuzi, kurudi akamkuta binti yake amekaa sakafuni, amemwaga kopo lote juu ya ungo na kupanga vidonge kumi kumi.

"Siku baba alipopelekwa hospitali vilitakiwa vibaki thelathini na sita," Hidaya akasema. "Vipo sabini na vinane."

Tatu akasimama na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Vimezidi arobaini na viwili, mama. Ni viwili kila siku kwa siku ishirini na moja. Vya mchana. Kila siku." Alinyanyua uso. "Kulikuwa na nini mchana?"

"Nilisahau."

"Siku ishirini na moja?"

"Kulikuwa na kazi ya shamba. Nilikuwa nashinda kwenye kabichi, nikirudi saa imepita. Nimezeeka, Hidaya. Nilisahau."

"Karatasi nilibandika."

"Niliiona."

"Nilikuuliza kila Ijumaa, ukaniambia anakula."

"Nilikudanganya. Niliona aibu."

Hidaya hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alivirudisha vidonge kwenye kopo kimojakimoja, kila kimoja kinalia kwenye bati, akafunga kifuniko, akamwambia mama yake, "Koo lake lilikakamaa kwa sababu ya hivi. Unaelewa? Si ugonjwa uliompalia. Ni hivi." Na kuanzia hapo hakumwita tena mama. Alisema "maji yako wapi" na "lete shuka", kama anavyosemeshwa mtu wa kuajiriwa. Tatu akaleta maji, akaleta shuka. Uchungu wake aliumeza vizuri, maana alikuwa ameununua kwa makusudi.

Adhuhuri akaja Omari na fimbo yake, tope mpaka magotini. Alikuwa amebeba kitambaa kilekile cha unga, kimefungwa vilevile.

"Shikamoo babu," Hidaya akasema.

"Marahaba, mjukuu." Omari akaketi kwenye kigoda, akakiweka kitambaa miguuni mwa Tatu. "Huu ni wa siku zile za mwisho. Umekataa kupita kooni. Hidaya, mimi nina neno. Mimi na baba yako tumetaniana tangu tukiwa vijana, na mwaka jana nadhani nilivuka. Nilimwambia kwamba mimi…"

"Omari," Tatu akasema, "mbuzi wamekata kamba. Nenda ukaniangalizie."

"Mbuzi nimewapita hapo, wamelala."

"Nenda ukaangalie tena."

Omari akamtazama. Alikuwa amemtania mwanamke huyu miaka mingi, na hakuwahi kumwona na uso ule. Akashika fimbo, akainuka, akatoka akasimama kwenye mvua karibu na mbuzi waliolala.

"Alitaka kusema nini?" Hidaya akauliza.

"Uzee. Anajilaumu bure, kila mtu sasa anajilaumu."

"Wewe una haki ya kujilaumu," Hidaya akasema, akaingia chumbani kwa baba yake.

Tatu alimfuata na beseni la maji ya vuguvugu. Hamza alikuwa amelala kwa ubavu, amegeukia mlango. Kidole gumba kilikuwa kimetulia kabisa. Tangu hospitali kilikuwa hakichezi tena, na hilo ndilo lililomtisha Tatu kuliko pumzi yake. Hidaya alimlowanisha midomo kwa kipande cha pamba. Midomo ikaanza kwenda.

"Anaomba maji," Tatu akasema haraka.

"Nimempa maji. Anasema kitu."

"Muache apumzike. Baba Hidaya, pumzika." Akachovya kitambaa, akakikamua kwa nguvu ili maji yalie kwenye beseni, akakichovya tena.

"Acha hayo maji."

Hidaya alipiga magoti, akaweka sikio lake juu ya mdomo wa baba yake kabisa, mpaka ushungi ukamfunika uso. "Nimeshajua, baba," akamwambia. "Mama alisahau vidonge. Nimevihesabu. Usijisumbue."

Kichwa cha Hamza kikasogea juu ya mto. Upande mmoja, kikakaa muda mrefu, kikarudi upande wa pili.

"Hakusahau," alisema.

Kitambaa kikamponyoka Tatu.

"Nilifunga," alisema Hamza. Akapumzika. Mvua ilikuwa inapiga bati, na Hidaya akaziba sikio lake la pili kwa kiganja. "Yeye alinikataza."

Hidaya akainua uso, akamtazama mama yake. Tatu alikuwa ameinamia beseni, mikono yote miwili ndani ya maji, hana pa kuipeleka. Alimwona binti yake akihesabu. Alikuwa anajua anavyokuwa akihesabu, tangu darasa la kwanza, midomo inacheza kidogo. Ishirini na moja. Mwezi wa Ramadhani. Siku tatu kabla yake, simu. Alimwona anafika kwenye jibu na hakuwa na chochote cha kuweka mbele yake kumzuia, hata ufagio.

"Ni kwa sababu ya mimi kusema njaa," Hidaya akasema. Hakuwa anauliza.

Akamgeukia baba yake.

"Baba, niliposema, nilisema na kibakuli. Nilisema kibakuli si mtu." Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto anayejitetea. "Ulikuwa umetoka nje. Baba, kwa nini? Ulikuwa unataka nini?"

Hamza alifumbua macho. Hakumtazama binti yake. Aliyapandisha polepole mpaka juu ya mlango, pale kipande cha kanga kilipochomekwa, kimeshika vumbi na masizi, ncha ya mpini wa kisu imechomoza kidogo. Akakusanya pumzi, ikachukua muda, kifua kinapanda na kusita, kinapanda na kusita. Hidaya akainama tena na sikio lake, na safari hii Tatu naye akainama, upande wa pili wa mto, vichwa vyao vikagusana.

"Nilitaka ukija Idi unikute nabebesha," Hamza alisema. "Halafu uandike kwamba dawa imezaliwa."